Siku Nilipomtanguliza Shangazi

Sauti ya shangazi yangu niliifuta mimi mwenyewe, kwa kidole kimoja, asubuhi ya Jumatano, huku nikijisifu moyoni kwamba nimefanya kazi safi. Sikuwa nimelewa, sikuwa na haraka, wala hakuna aliyenisukuma mkono. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wa ukoo wamekwisha kulitengeneza jambo hili kila mmoja kwa namna yake. Kuna anayesema umeme ulikatika. Kuna anayesema ni virusi. Hakukuwa na virusi. Ni mimi.

Mimi ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Garaji yangu iko Naviundu, na kila tofali lake nililinunua kwa mikono hii. Shule niliiacha darasa la tatu, na sioni haya kulisema. Waliofika la kumi na mbili wananiletea magari yao yaliyopondeka, nami nayarudisha mpaka mke wa mtu asijue kama mume wake aligonga. Kompyuta ninayo, ya Windows, tangu miaka sita. Niliinunua kwa ajili ya rangi. Unaandika namba ya rangi ya gari, inakuambia uchanganye gramu ngapi za nyeupe, ngapi za nyeusi, ngapi za buluu. Nilijifunza peke yangu. Wanangu walitaka kunifundisha nikawafukuza.

Sasa, mambo yalianza na mjukuu wangu wa kike, binti wa mwanangu wa kwanza. Alipata mchumba, kijana mpole, fundi wa friji. Familia yao na yetu ni watu wa aina moja: Wakatoliki, asili yetu kaskazini mwa Katanga, wazee wetu walishuka huku na kazi ya reli. Tulipokwenda kujitambulisha kwao kila kitu kilikuwa kizuri, mpaka nilipotaja kijiji cha babu yangu mzaa baba. Nyanya wa yule kijana, mama mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akainua mkono.

“Ngojeni kwanza,” akasema. “Mama ya marehemu bwana yangu naye alitoka kile kijiji. Alikuja huku kufuata kaka yake wa reli. Yule babu yako, hakuwa na dada?”

Nikasema alikuwa naye dada. Alimfuata huku, kisha hatukujua aliishia wapi.

Kama dada wa babu yangu ndiye aliyemzaa mume wa yule mama, basi mjukuu wangu na mchumba wake ni damu moja, na kwetu hapo hakuna ndoa, hata padri akikubali. Yule mama akasema hana ubaya na mtu, lakini hatatoa mjukuu wake kwa ndugu yake. Alitaka kusikia kwa mtu anayejua.

Mtu aliyejua alikuwa mmoja tu, shangazi yangu, binti wa yule babu. Na shangazi tulikuwa tumemzika miezi minne nyuma.

Lakini mimi nilikuwa na sauti yake, nikawaahidi kuileta.

Mwaka mmoja kabla hajafa nilimwendea Kasungami, alikokaa na shamba lake la mihogo, nikamwekea telefone mbele yake nikamwambia aseme yote anayojua ya ukoo wetu. Baadaye nikawazungukia wazee wengine. Nilipata sauti kumi na mbili, pamoja na yangu. Hakuna aliyenituma. Niliona tu kwamba wazee wanazikwa na maneno yao yote mdomoni, na wasomi wa ukoo wetu wako wanatazama.

Nilipotoka kwa wakwe siku ile nilikuwa natembea kwa raha. Nikamwambia mjukuu wangu, “Usilie. Shangazi alishasema yote. Iko ndani ya mashine.”

Tukafungua mashine, tukasikiliza. Shangazi anasema juu ya baba yake, juu ya kijiji, juu ya safari. Akafika kwa yule dada. Akasema, “Sasa yule dada yake, yeye…” na hapo mashine ya kusaga mahindi ya jirani ikawaka. Unazijua kelele za mashine zile. Shangazi anasema, anasema, hasikiki, dakika mbili nzima. Kisha mashine inazimika na yeye yuko kwenye habari nyingine, ya mbuzi.

Mjukuu wangu akanitazama. “Nkambo,” akasema, maana kwetu babu na nyanya wote ni nkambo, “wewe ulikuwa umekaa hapo. Alisema nini?”

Nikamwambia nimesahau. Nilidanganya. Sikusahau, sikusikia. Sikio langu la kuume limekufa zamani kwa ajili ya nyundo, na la pili linasikia linapotaka. Siku ile Kasungami mashine ilipokuwa inanguruma, mimi nilikuwa natingisha kichwa mbele ya shangazi, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayesikia. Mkubwa wa garaji hawezi kumwambia mtu “rudia” kila mara.

Ninaye binti, wa tatu katika wanangu, anafanya kazi Kasapa, kule chuo kikuu, kwenye mashine kubwa za kompyuta. Wakati ule walikuwa wamemtuma Kolwezi kwa majuma matatu. Nikampigia. Akasema jambo lililonishangaza: kelele inaweza kutolewa ndani ya sauti, kama unavyotoa kutu kwenye bati, na bati likabaki. Kule Kasapa kuna programu ya kazi hiyo, na yeye anaweza kuifikia hata akiwa Kolwezi.

“Lakini papa, ile mashine haiko na Windows. Iko na Linux. Inapokea furushi la tar.gz tu.”

“Furushi la nini?”

“Unajua vile mama alikuwa anafunga nguo zetu zote ndani ya kitenge kimoja wakati wa safari? Ile ndiyo tar. Inafunga faili zote ziwe kitu kimoja. Kisha vile alikuwa anakalia furushi lipunguke? Ile ndiyo gz. Utanifungia zote kumi na mbili, sababu labda shangazi anasikika hata ndani ya sauti za wengine waliokuwa naye. Furushi moja, utume mara moja.”

“Mimi niko na Windows.”

“Hata Windows inafanya siku hizi. Hautaweka programu yoyote. Utafungua lile dirisha jeusi, utaandika mustari mumoja.”

Dirisha jeusi nililijua. Yule aliyeniuzia programu ya rangi aliwahi kulifungua. Nikachukua kipande cha katoni ya rangi na kalamu ya kuandikia bati, nikamwambia sema.

Alisema polepole, na nilivyoandika ndivyo alivyosema, hilo silikatai. Kwanza uingie kwenye foldeni ya sauti. Kisha uandike tar, uache nafasi, uweke kistari, na herufi tatu, c na z na f. Uache nafasi. Kisha jina la furushi, sauti.tar.gz. Uache nafasi. Kisha majina ya faili zinazoingia ndani, ama jina la foldeni yote.

“Jina la furushi ndilo linatangulia?” nikamuuliza.

“Ndiyo, papa.”

“Mbele ya watu?”

“Papa, haiko watu. Iko faili.”

“Iko sauti ya shangazi yangu.”

“Papa, iko vile. Mashine inataka kujua kwanza inafungia wapi.” Kisha mtu wa kazini kwake akamwita, akakata simu.

Nilikaa mbele ya kompyuta nikiwa na katoni yangu, na moyo haukutaka. Ni lazima nieleze, maana vijana wakisikia wanacheka. Kwetu, ukiwataja watu, unaanza na mkubwa. Kwenye matanga, kwenye meza, mbele ya wakwe, mbele ya hakimu, unaanza na mkubwa. Nimeona mkutano wa ukoo ukivunjika na viti vikarushwa kwa sababu kijana mmoja alimtaja baba mdogo kabla ya baba mkubwa. Na hapa naambiwa niandike kwanza mfuko, kitu kisicho na baba wala mama, ndipo afuate shangazi, marehemu, mkubwa wa wote.

Nikasema labda niandike jina la foldeni tu. Lakini kompyuta ikifungua ile foldeni inawapanga watu kwa herufi. Inamweka babamudogo juu kabisa, na shangazi chini karibu na mlango. Kila mara nilipoifungua niliona vibaya.

Basi nikafanya kama fundi. Vitu vyote vilivyotakiwa niliviandika, hakuna nilichoacha, ila niliviandika kwa heshima yake. Niliandika tar, nikaandika kistari na herufi zake tatu. Kisha nikaandika shangazi.m4a. Kisha babamukubwa.m4a, na wengine kwa umri wao, mmoja mmoja, kwa kidole kimoja, mpaka jina langu mimi, wa kumi na mbili. Na mfuko nikauweka nyuma ya watu wote, kama mfuko unavyobebwa: sauti.tar.gz. Nilitumia nusu saa. Nilisoma tena mara mbili. Nikabonyeza.

Dirisha likakaa kidogo, kisha likaandika mistari miwili ya Kiingereza. Kiingereza sijui. Mashine haikulia, haikuwa nyekundu, nikajua imekubali.

Nikafungua foldeni. Furushi silioni. Lakini nikaona shangazi.m4a amenenepa. Mwanzoni alikuwa kama wenzake, sasa yeye peke yake alikuwa amewazidi wote. Nataka niseme kweli nilichofikiri wakati ule, ingawa leo inanichoma. Nilifikiri, vizuri, mashine imeelewa, wadogo wote wameingia chini ya mkubwa wao. Nikaenda kunywa chai.

Saa nne binti akapiga. “Papa, sijaona kitu.”

“Nilifunga. Lakini lile furushi halionekani, labda limejificha. Shangazi amekuwa mukubwa sana.”

“Amekuwa mukubwa namna gani?”

“Mukubwa. Kama bote pamoja.”

“Papa, usiguse kitu. Usifunge dirisha. Nipigie picha ya ule mustari, unitumie sasa hivi.”

Nikapiga picha nikatuma. Nikasubiri. Huwa ananijibu haraka, huyu binti ana mdomo kama wa mama yake. Safari hii dakika zilipita, na alipopiga tena alikuwa anazungumza taratibu kama mtu anayemwongoza kipofu kando ya shimo.

“Papa, ile sauti ya shangazi, uko nayo mahali pengine? Ndani ya telefone?”

“Hapana. Nilikata nikaweka huku.”

“Ulikata? Haukunakili?”

“Namba moja ya gari haikai kwenye magari mawili. Nilikata.”

“Ulimpa mutu?”

“Sikupa mutu. Iko hapa, ninaiona.”

“Ile unaona haiko yeye tena, papa. Kitu kinachokuja nyuma ya zile herufi tatu, mashine inakichukua kuwa jina la furushi. Hata kama iko faili ya mutu. Haiulizi. Inakifuta ndani, inakigeuza mufuko, kisha inatia bengine mule. Uliandika shangazi kwanza. Imemufanya yeye ndiye mufuko.”

Nilisimama. Kisha nikakaa tena. Nimewahi kuangukiwa na injini mguuni, na nimewahi kuambiwa kwa simu kwamba mwanangu amekufa. Naijua mishtuko. Huu ulikuwa wa peke yake, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kutazama. Hakuna damu, hakuna moshi. Jina lake lilikuwa pale pale kwenye kioo, shangazi, limeandikwa vizuri, na ndani yake hayumo. Nilibofya mara mbili jina lile ili asikike. Kompyuta ikasema faili haiwezi kuchezwa. Nikabofya tena. Nilibofya, nadhani, mara ishirini.

“Mashine ya kipumbavu gani inakubali?” nikasema. “Hata mutoto wa garaji ukimwambia kata huu mulango anauliza, papa, ni huu kweli?”

“Ndiyo, papa.”

“Rudisha.”

“Nitajaribu. Zima hiyo kompyuta, chomoa hata waya.”

Alimtuma mwenzake wa Kasapa aje garajini. Yule mtu alikaa siku mbili na kompyuta yangu, na mafundi wangu wakaacha kupaka rangi. Alichopata ni sauti fupi kama ya mtu anayetaka kukohoa. Hata hiyo hakuwa na hakika kama ni ya shangazi au ya mashine ya mahindi.

Wakwe walikuwa wametupa siku ya kurudi, Jumapili, baada ya misa. Ijumaa jioni mjukuu wangu alikuja kwangu peke yake. Ni muuguzi, amezoea kuona watu wanaumwa, hatoi machozi ovyo. Alikaa kwenye benchi la garaji akiwa na mavazi yake ya kazi.

“Nkambo, ile mashine imekufa, sawa. Lakini wewe ulikuwepo. Bale bantu banakuheshimu. Ukisema shangazi alisema hatuna undugu nabo, batakubali.”

“Nilikuambia nimesahau.”

“Sema umekumbuka.”

Nilimtazama. Alijua. Sijui alijuaje, labda alikuwa ameona nilivyogeuza kichwa kutafuta upande wa sikio zima. Hakuniambia nidanganye, alinipa njia tu, na njia ilikuwa pana. Kweli watu wale wangeniamini. Watu wote wananiamini, ni kitu nilichokijenga kama garaji yenyewe. Neno moja tu, na yule mtoto anaolewa.

“Na kama ni ndugu yako kweli?” nikamuuliza.

Akatazama sakafu. “Basi ndiyo maana sijakuomba kwa nguvu,” akasema, akaondoka.

Sikumwambia siku ile kwamba sikusikia. Ningeweza, lakini sikumwambia.

Kesho yake asubuhi binti akapiga kutoka Kolwezi. Alikuwa ameniagiza nimtumie lile faili lililoharibika vilevile lilivyo, na yule mwenzake akalituma. Yeye akalibadilisha jina tu, akaliita furushi, likafunguka. Wale kumi na mmoja wote walikuwa wamo, wazima, na tarehe zao. Kumbe kazi ya kufunga niliifanya vizuri kabisa. Hilo nalo likaniuma.

“Nimesikiliza bote, papa,” akasema. “Na yako.”

“Yangu ya nini? Mimi simjui dada wa babu.”

“Kwenye sauti yako muko mutu nyuma yako.”

Nikakumbuka. Siku ile Kasungami, nilipomaliza na shangazi, niliingia ndani ya nyumba yake, mbali na ile mashine, nikajirekodi mwenyewe. Nilianza na babu yangu. Nilisema aliendesha treni, na wazungu walimvulia kofia. Hayo nilikuwa nayasema tangu nikiwa kijana natafuta kazi ya kwanza na hakuna aliyenijua baba wala babu. Niliyasema kwa mafundi wangu, kwa wateja, kwa mke wangu siku ya kumposa. Niliyasema mpaka sikujua tena niliyatoa wapi. Shangazi aliingia akanikatiza, akanikaripia, nikabonyeza kusimamisha. Nilikusudia kujirekodi upya bila yeye. Kisha akafa, nikaliacha.

“Anasema nini?” nikauliza, ingawa mwanzo wake nilikuwa naujua.

“Haukuzima, papa. Ulibonyeza vibaya, iliendelea. Nimeisafisha. Sikiliza mwenyewe.”

Nilisikiliza na telefone kwenye sikio zima, mlango umefungwa. Nilipomaliza nilimpigia nikamwambia akate mwanzo, abakize mwisho tu.

“Naweza kukata,” akasema. “Ni rahisi. Lakini bale bamama watasikia sauti inaanza katikati ya maneno, na shangazi anajibu mutu asiyesikika. Watauliza kulikuwa nini mbele. Ukiwa wewe hautauliza?”

Ningeuliza. Mimi mlango uliopakwa rangi nusu nauona kutoka ng'ambo ya barabara.

Jumapili tulikwenda. Sebule yao ilijaa, wengine walikaa kwenye viti vya plastiki uani, karibu na dirisha. Mjukuu wangu alikaa nyuma ya mama yake. Yule mama mwenye miwani ya uzi alikuwa mbele yangu, mikono juu ya magoti. Baada ya salamu nikasimama.

“Sauti niliyowaahidi haiko,” nikasema. “Niliiharibu mimi. Na habari ya yule dada, shangazi aliponiambia, sikuisikia. Sikio langu limekufa. Nilimuitikia kwa kichwa tu. Mjukuu wangu nilimdanganya kwamba nimesahau.”

Mwanangu wa kwanza akaniangalia kama naongea kwa lugha ya nchi nyingine. Katika maisha yake yote hakuwa amenisikia nikisema neno “niliharibu.”

“Kuna nyingine,” nikaendelea. “Mutasikia na mambo yangu ndani yake. Sikilizeni tu.”

Mjukuu wangu akaweka telefone yake juu ya meza, akaunganisha na kispika. Nikatoka mimi kwanza, sauti kubwa, ya mtu mwenye kujipenda: “Babu yangu mimi aliendesha treni, kutoka Kamina mpaka hapa. Wazungu wenyewe walimuvulia kofia.”

Kisha nyuma yangu, wazi kabisa, kana kwamba amesimama mlangoni pa sebule ile: “Nani aliendesha treni?”

“Shangazi, ninarekodi.”

“Rekodi, lakini urekodi kweli. Baba yangu? Baba yangu alikuwa anafagia mabehewa. Ufagio wake nilikuwa naubeba mimi. Treni yenyewe alikuwa anaiogopa.”

Mtu uani akacheka, akajizuia.

“Shangazi, basi, basi.” Hapo ndipo nilipobonyeza. Inasikika kidole kikigonga kioo. Na yeye anaendelea, anatembea ndani ya nyumba, vyombo vinagongana: “Basi ya nini? Na yule dada yake, umeandika? Yule maskini aliyetufuata? Alikufa Kamina na mimba yake ya kwanza. Hakuacha mutoto, hata mumoja. Nilikuwa pale, mimi ndiye nilichota maji ya kumuosha. Hiyo pia urekodi, la sivyo kesho mutasema naye alikuwa dereva.”

Hapo ikaisha.

Nilikuwa natazama vidole vyangu, nikingoja kicheko. Nilijiandaa nacho tangu Jumamosi. Hakikuja.

“Rudisha mwanzo,” yule mama akasema.

Mjukuu wangu akarudisha. Yule mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Penye ufagio mabega yake yakatikisika. Penye Kamina akatulia, midomo yake ikawa inasogea pamoja na maneno.

“Alikufa na mimba ya kwanza,” akasema. “Bwana yangu alikuwa mutoto wa tano. Basi haiko yeye. Mama mukwe wangu ni mwingine.” Akaivua miwani akaifuta kwa kitenge. “Na yule alikuwa anasema kweli, yule mama. Kwa namna alivyokukaripia, haikuwa sauti ya kutengeneza.”

“Haikuwa ya kutengeneza,” nikasema.

“Wewe, shemeji. Unaona haya kwa ajili ya ufagio?”

Nikainama, nikajifanya natazama kiatu changu.

“Baba yangu mimi alikuwa anapakia makaa,” akasema. “Usiku akirudi tulikuwa tunaona macho tu.”

Mjukuu wake, yule mchumba, akageuka kwenye kiti chake. “Nkambo, ulituambia alikuwa dereva.”

“Niliwaambia.”

“Hata kwa padri ulisema. Siku ya jubile.”

“Sasa umejua. Kama wote munaosikia humu mujini walikuwa madereva, basi nani alikuwa anapakia makaa?” Akavaa miwani yake, akaninyooshea kidole, si kwa hasira. “Huyu amesimama akasema mbele ya bantu. Mimi nilikuwa nangoja kufa nayo.”

Nilikuwa bado nasikia vyombo vya shangazi vikigongana katika nyumba yake, ambayo sasa wanakaa wapangaji.

Yule mama akapiga makofi mawili kuelekea jikoni. Akatoka msichana na beseni la maji na sabuni, akapiga goti, akanianzia mimi. Kwetu familia iliyokataa ndoa haiwanawishi wageni mikono; beseni lile ndilo lilikuwa jibu lao, wamekubali. Mjukuu wangu nyuma yangu akashusha pumzi, ndefu, hata mimi nikaisikia.

Nikanyoosha mikono juu ya beseni. Niliitumbukiza kwa haraka, maji yakamwagika kwenye viatu vya yule mchumba, sasa mkwe wangu, naye akasema haidhuru.